Malindi au Lamu: Kustaafu Pwani Bila Kuiacha Baisikeli

Mtu anayekaribia kustaafu, anayetafuta mji wa pwani ya Kenya ambao pensheni yake itaumudu, mara nyingi hubaki na majina mawili: Malindi na Lamu. Yote miwili ni miji mikongwe ya Waswahili, yote ina bahari mlangoni, samaki wa asubuhi hiyo hiyo, na watu wasiopita bila salamu. Lakini kwa mwenye baisikeli, anayetamani kuzirudia njia za zamani maadamu magoti yanamruhusu, miji hii haifanani kabisa. Malindi, baisikeli inakubeba wewe. Lamu kisiwani, kwa sehemu kubwa, wewe ndiye unayeibeba.

Tutailinganisha kwa safari za siku ya kawaida: sokoni, hospitalini, benki, na mazoezi ya alfajiri. Wengi hukosea hapo. Huchagua mji kwa kukumbuka njia moja nzuri waliyoipita wakiwa vijana, kisha huhamia na kukuta njia ile imezibwa na ukuta wa mawe na geti jeusi, na shughuli zao za kila siku ziko upande mwingine wa mji.

Njia za Malindi

Zamani Malindi ililishwa na baisikeli. Wachuuzi walitoka Mambrui na matenga ya samaki, wagema walileta madumu ya tembo kutoka mashambani, na makaa yaliingia magunia mawili mawili yakiwa yamefungwa kwa vipande vya tyubu. Mjini penyewe bodaboda ilikuwa baisikeli yenye kiti cha sponji juu ya keria. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo zenye injini ya chini ya sisi (cc) 250, biashara ile ikaanza kufa, pikipiki na tuktuk zikachukua nafasi. Kwa mstaafu wa leo maana yake ni hii: njia nyingi bado zipo, ila mafundi wa baisikeli wamepungua, na waliobaki wengi wao humshughulikia kwanza mwenye pikipiki.

Njia ya kusini ndiyo maarufu zaidi: Malindi, Msabaha, Gede, Watamu. Hadi Gede ni kama kilomita 15 au 16, na kutoka njia panda ya Gede hadi Watamu ni kama 6 hivi. Kwa mwendo wa utu uzima, kilomita 13 au 14 kwa saa, unafika Gede kwa saa moja na dakika chache. Magofu ya Gede, yanayolindwa kisheria tangu 1927, yana miti mikubwa na kivuli kizuri cha kupumzikia. Zamani barabara hii ilikuwa na nafasi, kwa kuwa magari ya Mombasa yalilazimika kungoja kivuko cha Kilifi mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Leo ni barabara kuu ya Mombasa, Malindi na Garsen, na mabasi hayapunguzi mwendo kwa ajili ya baisikeli. Hatari yenyewe iko ukingoni mwa lami. Mahali pengi ukingo umemomonyoka, na kati ya lami na mchanga pana kina cha kiganja kizima. Ukishuka ghafla kulikwepa lori, gurudumu la mbele huzama. Ukijaribu kurudi juu kwa pembe ndogo, ubavu wa tairi husuguana na ukingo na unaanguka upande wa barabarani, mbele ya magari. Dawa yake ni kushuka mapema, kusimama kabisa, kisha kuinyanyua baisikeli kuirudisha juu. Kioo cha kutazama nyuma upande wa kulia si pambo, hasa kwa mtu ambaye masikio yameanza kupunguza kazi.

Mwenye subira huiacha lami Gede na kuingia msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kama kilomita 420 za mraba, kwa kupitia kituo cha msitu kilicho karibu na Gede. Unalipa kiingilio langoni. Udongo humo haufanani: upande wa magharibi ni mwekundu na unashika, lakini katikati, penye miti ya mirihi, ni mchanga mweupe unaomeza tairi nyembamba. Siku moja au mbili baada ya mvua ndogo, mchanga ule hushikana na njia inapitika vizuri; mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, utaisukuma baisikeli zaidi ya unavyoiendesha. Ndovu wamo, kwa hivyo usiingie peke yako alfajiri. Chukua mwelekezaji, naye utamkuta ana baisikeli yake.

Njia ya kaskazini inavuka daraja la Sabaki na kufika Mambrui, kama kilomita 15, kisha Gongoni na Ngomeni, mahali ambapo Waitaliano walirusha roketi za San Marco kutoka majukwaa ya baharini kuanzia miaka ya 1960. Ni tambarare na magoti yataipenda. Kasoro yake ni malori ya chumvi kutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni, na upepo, kwa kuwa ukishavuka mto huna cha kukukinga.

Njia ya magharibi, kupitia Ganda na Kakuyuni kuelekea Langobaya na lango la Sala la Tsavo Mashariki, ndiyo iliyobadilika kuliko zote, kwa kuwa lami imekuwa ikisogea mahali palipokuwa na vumbi tupu. Vijiji vipo, maduka ya maji yapo, magari si mengi kama ya barabara kuu. Kwa mazoezi ya asubuhi tungeichagua hii kabla ya ile ya Watamu, ingawa haina jina. Marafa na korongo lake la Nyari tungemwachia mwenye magoti mazima: ni zaidi ya kilomita 30 kwenda tu, kuna vilima, na jua la saa tano halina huruma.

Upepo ndio unaoamua uanze na njia gani. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma takriban Desemba hadi Machi; kusi, wa kutoka kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na kuendelea. Nguvu ya upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Basi wakati wa kusi nenda Gede asubuhi ukipigana na upepo mdogo, kisha rudi unasukumwa mgongoni; wakati wa kaskazi anza na Mambrui. Anayefanya kinyume hufika mbali bila jasho na kudhani amepata nguvu mpya, halafu kurudi humtoa roho. Ondoka saa kumi na mbili, uwe nyumbani kabla ya saa nne.

Njia za Lamu, kisiwani na bara

Kisiwa cha Lamu hakikuwahi kuwa nchi ya baisikeli. Ni nchi ya punda na mashua, na mji wa kale, uliowekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha punda aliyebeba mzigo. Vichochoro vingi vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale, havitoshi punda mwenye mawe ubavuni na mtu mwenye baisikeli kupishana. Kanuni ya huko ni rahisi: punda hasimami, wewe ndiye unayesimama. Unaigeuza baisikeli kuelekea ukutani, usukani uwe ndani, mgongo wako nje, unangoja apite. Kupanda na kuendesha ndani ya mji wa kale ni kukosa adabu, watu wameketi barazani na watoto wanatokea milangoni. Pikipiki nazo zimeingia kisiwani, japo kaunti ilizipiga marufuku ndani ya mji wa kale.

Nje ya mji kuna safari tatu. Ya Shela, kama kilomita 3 kwa njia ya ufukweni, ni nyepesi maji yakiwa yamepwa. Yakijaa, sehemu ya njia hufunikwa na unasukuma. Ya Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, ni kilomita 6 au 7 za njia ya punda kati ya minazi na mashamba, na karibu yote ni mchanga. Ya tatu ndiyo ndoto ya wengi: ufuo wa kilomita kama 12 kutoka Shela kuelekea Kipungani.

Ufuo huo hauendeki bila kujua maji, na hapa ndipo wageni wanapokwama. Mchanga unaoweza kuendeshwa ni ule uliotoka majini punde, mgumu, rangi ya kijivu. Juu yake ni mchanga mkavu usiopitika, na nyuma ya huo ni matuta. Hakuna kivuli, hakuna kisima, na hakuna njia ya mkato ya kurudi mjini isipokuwa kuyapanda matuta. Una takriban saa nne za kutumia: mbili kabla ya maji kupwa kabisa na mbili baadaye. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji katika pwani hii hupwa kabisa kama saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena usiku. Ufuo huwa mpana sana, lakini utakuwa juani wakati mbaya. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kupwa kunaangukia kama saa kumi jioni. Jua limepoa, ila maji hayaendi mbali na ukanda mgumu unakuwa mwembamba. Wakati bora ni siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu au kuandama: maji yanapwa kama saa mbili au saa tatu asubuhi, na ukanda unatosha. Kila siku kupwa kunachelewa kwa dakika 50 hivi, kwa hivyo safari ya Jumatatu haiwezi kurudiwa Alhamisi kwa saa ile ile. Jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari litakutosha kupangia, lakini nahodha yeyote aliyeketi gatini atakuambia bila kitabu.

Baisikeli za kweli za Lamu ziko bara. Ukivuka hadi Mokowe unakuta lami, nchi tambarare, Hindi, na mbele zaidi Mpeketoni, mji wa wakulima uliokua kutokana na mpango wa makazi wa miaka ya 1970 karibu na ziwa Kenyatta. Barabara ya lami kutoka Garsen hadi Lamu imeufupisha mno mwendo wa basi. Hata hivyo usiipange kama safari ya baisikeli. Kipande cha Gamba hadi Mokowe kina historia ya mashambulizi, na masharti ya msafara na saa za kupita hubadilika. Safiri kwa basi mchana, baisikeli ikiwa kwenye buti. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200.

Nyumba, maji na bei ya vitu

Kwa Lamu, usianze na kodi ya nyumba. Anza kwa kuhesabu mikono. Mfuko wa saruji, gunia la mchele au mtungi wa gesi wa kilo 13 hufika Mokowe kwa lori. Hamali anaushusha, mashua inauvusha, hamali mwingine anaupandisha gatini, kisha punda au mkokoteni unaufikisha mlangoni. Kila mkono unalipwa. Malindi kitu hicho hicho kinashuka kwenye lori na kupanda tuktuk, basi. Ndiyo maana vitu vya kisiwani, ukiacha samaki, nazi na maembe ya msimu, havishindani na vya Malindi. Mstaafu anayekula samaki na mboga za hapo, asiyejenga na asiyeagiza vitu, ataona tofauti ndogo. Anayejenga ataiona kubwa, na ataiona kila wiki.

Malindi kwenyewe kodi inapishana sana kwa umbali mfupi. Upande wa Casuarina na ufukweni bei zimewekwa kwa mfuko wa Mzungu, na hupanda zaidi Desemba na Agosti. Muyeye, Maweni, Barani na Kisumu Ndogo ni mitaa ya wenyeji, na Msabaha au Gede ni nafuu zaidi. Baisikeli ndiyo inayoufanya umbali huo uwe nafuu kweli: ukikaa ndani ya kilomita 5 za soko na hospitali hutalipa tuktuk isipokuwa siku ya mvua au ya mzigo. Ukikaa Gede, kilomita 15, nauli itakula ulichookoa kwenye kodi, kwa kuwa si kila siku utakuwa na nguvu za kwenda na kurudi kilomita 30. Na tahadhari moja ya dalali: Malindi nako kuna mtaa unaoitwa Shella. Ukitumiwa picha za “nyumba ya Shella” kwa bei ya kushangaza, uliza kwanza ni Shella ya mji gani.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina uzuri wake, lakini itazame kwa macho ya mtu wa miaka 75. Ngazi ni za mawe, ndefu, zenye mapandio ya juu, na mara nyingi sehemu ya kupangisha ndiyo ya ghorofani. Vyumba ni virefu na vyembamba, chini ya mita 3 kwa upana, kwa kuwa dari limelala juu ya boriti za mikoko na boriti haizidi urefu wake. Baisikeli haipandi huko. Mahali pake pa pekee ni dakani, kati ya baraza mbili za mlangoni, na hapo ndipo mwenye nyumba na wageni wake wanapoketi. Mkubaliane kabla hujalipa. Kama unanunua au kukarabati, kuta za mawe ya matumbawe zinataka chokaa. Fundi akizipaka saruji kwa haraka, unyevu na chumvi hubaki ndani, plasta inavimba, na baada ya misimu michache inabanduka mapande mapande. Vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vikaguliwe kwa kuvichoma na bisibisi. Dari likivuja, huoza hapo kwanza, mahali pasipoonekana. Na katika mji wa kale hubadilishi nyumba bila idhini ya watu wa Makumbusho ya Taifa.

Kununua Malindi kuna mtego mwingine, nao ni hati. Ukanda wa maili kumi wa pwani una historia ndefu ya viwanja vyenye mwenye hati mmoja na wakaaji wengine walioishi hapo vizazi kadhaa. Fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi, kisha nenda ukaongee na majirani na mzee wa mtaa. Karatasi peke yake haitoshi. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani, na shamba linahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Ushauri wetu kwa miji yote miwili ni kupanga mwaka mmoja kwanza. Kiinua mgongo kikishazama kwenye kiwanja chenye kesi, hakirudi.

Maji: Malindi inategemea visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mgao hutokea, hivyo nyumba isiyo na tangi usiichukue. Lamu hutegemea maji matamu yaliyo chini ya matuta ya Shela. Karibu na ufuo kisima kinaweza kuwa na chumvi. Yaonje kabla ya kutia sahihi, na uulize huwaje mwezi wa Machi, kabla ya masika.

Hospitali

Hapa hatuna maneno mengi. Malindi ina hospitali ya kaunti ndogo na hospitali za binafsi, na gari la wagonjwa linafika Mombasa kwa kilomita kama 120 za lami bila kuvuka maji. Lamu ina hospitali ya King Fahd mjini penyewe, lakini ukihitaji bingwa ambaye hayupo, utavuka kwa boti hadi Mokowe kisha safari ndefu ya barabara, au uvuke hadi Manda kungoja ndege. Usiku, wakati wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, hilo si jambo dogo. Na kabla ya yote mgonjwa atatolewa ghorofani, ashushwe zile ngazi, abebwe kichochoroni. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au anayesafishwa damu, tungemshauri Malindi bila kusitasita. Mchango wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ule ule popote ulipo: asilimia 2.75 ya kipato, usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Kinachotofautiana ni kliniki na duka la dawa lililo karibu nawe, kwa hivyo uliza kama vinapokea kadi kabla ya kuhamia.

Baisikeli ipi, na itaharibikaje

Malindi unaweza kuishi na aina mbili. Ya kwanza ni ile Black Mamba ya zamani, magurudumu ya inchi 28, tairi ya 1½, breki za vyuma. Inabeba, haivunjiki, na vipuri vyake vingi bado vinapatikana madukani. Ina kasoro mbili kwa mzee. Rimu za chuma zikilowa, breki huteleza na utahitaji umbali maradufu kusimama. Masika isukume penye mteremko na magari. Pili, gia yake moja ni nzito. Yenye meno 48 mbele na 18 nyuma husogea karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Mwambie fundi aweke friwili ya meno 22: itasogea chini kidogo ya mita 5. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unatoka mwendo wa kilomita 21 kwa saa hadi 17 hivi, na goti halilalamiki unapopambana na kusi. Huenda cheni ikahitaji kuongezwa jozi moja ya pingili.

Ya pili ni baisikeli ya gia yenye magurudumu ya inchi 26 na tairi ya 2.1. Hii ndiyo tungeichukua kwa mtu anayeipenda Arabuko au anayetaka kwenda nayo Lamu. Kwenye lami jaza upepo wa PSI 40 hadi 45. Kwenye mchanga shusha hadi 15 au 18 kwa mtu wa kilo 75. Tairi inatandaza na haizami. Ukisahau kujaza tena kabla ya kupita juu ya mawe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kupata matundu mawili yanayotazamana. Pampu iwe nawe, si nyumbani.

Pancha za huku mara nyingi zinatokana na miba ya mathenge, mti uliosambaa hasa upande wa Garsen na kando ya mito. Mwiba huvunjikia ndani ya tairi, unaziba tundu, unajaza upepo, na dakika kumi baadaye tairi iko chini tena. Pitisha kitambaa ndani ya tairi, kitanasa mahali penye ncha, usitumie kidole. Kiraka nacho hubanduka kwa sababu moja kubwa: haraka. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe, futa jasho na vumbi, paka gundi nyembamba, ngoja dakika tano mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kugandamiza. Kinachobandikwa gundi ingali mbichi hutoka kwenye joto la adhuhuri.

Lamu adui ni chumvi. Mashua ya Mokowe ikipiga mawimbi, baisikeli iliyolazwa mbele inaoga maji ya bahari. Toa pedali kabla ya kupakia (ya kushoto hufunguka kinyume na kawaida, kwa kuzungusha kufuata mwendo wa mishale ya saa), ilaze upande usio na cheni uwe chini, na weka gunia chini yake. Ukifika, ndoo nusu ya maji matamu, ifute ikauke, kisha tia oili kwenye cheni na ufute ya ziada. Oili nyingi ni kosa la kawaida: inanasa mchanga na kugeuka tope linalokula meno. Pima cheni mara kwa mara: pingili 24 za cheni mpya zina milimita 305 kasoro kidogo, zikifika 306 na nusu badilisha, la sivyo utanunua friwili pia. Nguzo ya kiti ya alumini ndani ya fremu ya chuma ndiyo inayosahauliwa. Chumvi ikiingia, vyuma hivyo viwili vinalana na kushikana, na siku ukitaka kushusha kiti utakata kwa msumeno. Itoe kila mwezi, ifute, paka grisi, irudishe.

Spoki za kawaida huko hupata kutu kwenye shingo, mahali zinapopinda kuingia kwenye kitovu, na kukatika moja moja. Ukijenga gurudumu jipya, lipia spoki zisizoshika kutu. Tyubu, spoki na cheni za akiba nunua Malindi au Mombasa uende nazo. Kisiwani fundi wa mashua unampata kila pembe, wa baisikeli unamtafuta.

Nani aende wapi

Mwenye kutegemea baisikeli kama miguu yake ya pili aende Malindi, upande wa Barani, Muyeye au Maweni, na Lamu aifanye ya kutembelea. Usipange safari hiyo Mfungo Sita kama unatafuta chumba rahisi, kwa kuwa Maulidi hujaza mji. Mwenye kupenda kutembea, asiye na maradhi makubwa, anayetaka msikiti hatua hamsini kutoka kitandani na jioni za barazani, Lamu itamfaa kuliko Malindi, hata kama baisikeli itapata vumbi dakani. Watu wa aina hii wapo, na si wachache. Yupo pia wa tatu ambaye hasemwi sana: anayetaka Lamu lakini hawezi bila kuendesha. Huyo aangalie Mokowe au Hindi, apande boti akiwa na haja. Hatapata milango ya nakshi, ila atapata lami tambarare na kiwanja cha kufuga kuku.

Kabla ya kuhamisha vyombo, panga mwezi mmoja wa majaribio, na mwezi huo uwe Mei. Masika iko kileleni, kusi limeanza, njia za udongo ni tope, bahari inachafuka, na stima hukatika. Katika mwezi huo fanya mambo manne. Nenda hospitali kwa miguu au kwa baisikeli, saa mbili usiku. Beba mtungi wa gesi kutoka dukani hadi jikoni kwa njia utakayoitumia siku zote. Nunua chakula cha wiki sokoni na uandike kila shilingi, pamoja na ya hamali. Na kama ni Lamu, isukume baisikeli kutoka gatini hadi mlangoni wakati wa alasiri, vichochoro vimejaa. Mkataba wa mwezi huo uwe na kifungu cha kuondoka kwa notisi fupi na kurudishiwa amana, kimeandikwa, si cha mdomo.